Aliyemleta Aron Kipngeno

Jumapili, tarehe 27 Agosti 2023, Aron Kipngeno, mkulima wa chai kutoka kijiji kimoja kilicho juu ya Kapkatet, alibatizwa katika bwawa ambalo ng'ombe wa kijiji hicho hunywa maji. Jambo hilo limethibitishwa. Watu waliosimama ukingoni, wa kanisa lake na wa makanisa mengine, wanakubaliana juu ya siku, juu ya bwawa, na hata juu ya koti la mvua la kijani ambalo alikataa kulivua mpaka maji yalipomfika kiunoni. Mengine yote katika habari hii yana wasimulizi wawili au zaidi, na mara nyingi wasimulizi hao hucheka mahali tofauti.

Aron alizaliwa papo hapo anapoishi. Shamba lake ni la urithi. Linateremka kutoka barabarani hadi kijitoni, na michai ya upande wa juu ilipandwa na baba yake. Ana ng'ombe watatu, mke mmoja, Janeffer Chepkemboi, na mwana mmoja, Weldon, ambaye ni mwalimu upande wa Bomet. Kwa majirani, hata hivyo, mali yake kubwa ilikuwa sauti. Aliweza kumwiga mtu yeyote baada ya kumsikiliza mara moja: chifu akitangaza mkutano, karani wa kituo cha chai akikataa gunia lenye majani makuukuu, hata fahali wa jirani akikohoa. Kuliko wote alimwiga Mchungaji Lazarus, wa kanisa dogo la mabati lililo ng'ambo ya barabara. Aron hakuwa muumini. Kila Jumapili alisimama nje ya dirisha la kanisa, kiganja nyuma ya sikio, akijifunza. Waumini walimwona. Mchungaji naye alimwona, na anasema kwamba siku hizo alihubiri kwa sauti ya juu kidogo, "ili dirisha nalo lipate lake."

Jukwaa la Aron lilikuwa kituo cha kukusanyia majani. Wakulima hufika na magunia yao, hupimiwa, kisha husubiri lori la kiwanda. Lori likichelewa, na wakati wa mvua huchelewa, Aron alipanda juu ya kreti na kuendesha ibada nzima: wimbo, sadaka, mahubiri, ombi la kuomba mvua ikome, na mwishoni mwito wa wokovu. Syprose, mama wa Kikisii anayeuza ndizi na mahindi ya kuchoma kando ya mizani, anasema kuna siku alicheka mpaka mahindi yakateketea kwenye jiko.

Hapa haina budi kuelezwa desturi moja ya kanisa la Mchungaji Lazarus. Katika nyumba za Wakipsigis, mursik, yaani maziwa yaliyogandishwa katika kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa, ni kinywaji cha heshima. Miaka kadhaa iliyopita, wazee wa kanisa waliamua kukitumia kinywaji hicho katika ubatizo. Aliyetoa wazo alikuwa Zack, mzee wa kanisa anayesimamia ubatizo, mtu anayependa utaratibu kama wengine wanavyopenda nyama. Kila anayebatizwa aje na mtu aliyemleta kwa Bwana. Kabla ya kuingia majini amtaje kwa sauti, na huyo aliyetajwa apewe kibuyu, anywe wa kwanza huku kwaya ikiimba. Nia ilikuwa njema: waumini watiwe moyo wa kushuhudia. Kilichofuata ni kwamba waumini walianza kugombania watu. Inasemekana shemasi mmoja alikuwa amekinywea kibuyu kile mara nyingi kiasi kwamba siku ya ubatizo alikwenda moja kwa moja kuketi karibu na maji bila kuitwa.

Asubuhi iliyombadili Aron ilikuwa ya mwezi Mei mwaka huo huo. Syprose anasema ilikuwa Jumanne, karani wa kituo anasema Jumatano, na wote wawili wana hakika. Lori lilikuwa limekwama kwenye matope. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mizani, na watu walikuwa wamejikunyata ndani ya makoti yao.

"Mzee Aron, tufungulie kanisa, baridi imezidi!" mtu mmoja akaita.

"Sadaka kwanza," Aron akajibu, akimnyooshea Syprose kofia. Syprose akatumbukiza ganda la ndizi.

Akapanda juu ya kreti, akahubiri. Wote waliokuwapo wanasema lilikuwa mojawapo ya mahubiri yake mazuri kabisa. Akafika kwenye mwito. Mchungaji Lazarus ana maneno ambayo huyatumia kila Jumapili, mikono yote miwili ikiwa juu: "Njoo jinsi ulivyo. Usingoje mpaka uwe mzuri. Yeye ndiye anayekuita, si mimi." Aron alikuwa ameyasema maneno hayo mara zisizo na idadi. Asubuhi ile alisema, "Yeye ndiye anayekuita," akanyamaza. Mikono ikabaki juu. Watu wakacheka, wakangoja, wakacheka tena zaidi.

"Si umalizie!" Syprose akamwambia. "Ama kuku wamekula hayo mengine?"

Aron alishuka kutoka kwenye kreti, akaketi juu ya gunia lake, akageuza kofia, na ganda la ndizi likaanguka chini. Watu wakapiga makofi wakidhani ni sehemu mpya ya mchezo. Lori lilipofika alipakia majani yake bila neno. "Hapo ndipo niliogopa," anasema Syprose. "Aron apakie gunia bila kumtukana dereva? Nikasema huyu ana malaria."

Aron mwenyewe husimulia kwa maneno machache. "Sikuona mwangaza. Sikusikia sauti ingine. Sauti ilikuwa yangu, tena ya kuiba. Lakini nilijua nimeitwa. Ni kama unamwigiza karani akiita watu kwa mizani, halafu unajikuta umeita jina lako, na kumbe ni zamu yako kweli."

Jumapili iliyofuata aliingia kanisani kupitia mlango. Kwaya ilipoteza ubeti. Mchungaji alitazama dirishani kwanza, akaona pako wazi, ndipo akamkuta Aron kwenye benchi, kofia magotini, akisikiliza mahubiri bila kuyaiga.

Kufikia Agosti, swali lilikuwa limekwisha kujaa kijijini: Aron ameletwa na nani? Mchungaji Lazarus alikuwa na hoja, kwa maana maneno yalikuwa yake. Wengi, hata hivyo, walisema ni Janeffer. Alikuwa amemwombea mumewe tangu mwaka alioolewa, alfajiri, akikamua, na majirani walisema kwa utani kwamba ng'ombe wa nyumba ile hawatoi maziwa mpaka wasikie jina la Aron likipelekwa mbinguni. Syprose aliulizwa kama naye anadai chochote. "Mimi nasali Jumamosi," akajibu. "Mkisema ni mimi, itabidi mnipe nimpeleke kwetu."

Wiki moja kabla ya ubatizo, wazee wa kanisa waliwaita wanaobatizwa baada ya ibada. Janeffer alikuwa nyuma ya chumba, akimimina chai. Zack aliuliza mmoja baada ya mwingine, na zamu ya Aron ikafika.

"Mzee Aron, mtu wako ni nani?"

"Ni Mungu."

"Hiyo tunajua. Mimi nauliza mtu."

"Hakuna mtu."

"Kila mtu ana mtu, Mzee. Huwezi kuchipuka tu kama uyoga."

"Si useme ni Mama Weldon?" mzee mwingine akadokeza. "Amekuombea mpaka magoti yakaisha."

"Ameomba, ndiyo. Na watoto wa shule ya Jumapili wameniombea. Hata wewe Zack uliniombea nivunjike mguu."

"Niliomba Bwana akurekebishe," Zack akasema kwa upole. "Njia ya kutumia nilimwachia yeye."

Chumba kizima kikacheka. Mchungaji Lazarus akakohoa kidogo. "Lakini Aron, yale maneno ni yangu."

"Ni yako, Mchungaji. Niliyachukua kwa dirisha bila ruhusa. Sasa niambie, wewe ulipoyasema kanisani mwaka mzima, nani alisimama?"

Mchungaji alifikiri. Ni mtu mkweli. "Mwaka jana? Hakuna," akasema. "Hata mmoja."

"Basi ni wewe mwenyewe, Mzee Aron," Zack akasema, akiona njia. "Ulijihubiria. Jitaje, kibuyu utakunywa wewe, na tufunge mkutano."

Aron akatikisa kichwa. "Mimi nilikuwa namfanyia Mungu mzaha. Mzaha unaweza kuokoa mtu? Nilikuwa natoroka nikicheka, yeye akanishika kwa mdomo wangu mwenyewe. Nimedanganya watu miaka mingi ili wacheke. Pale majini sitaki kuchekesha mtu. Mkinitaka niseme ni fulani, nitakuwa nimeanza na uongo."

Wazee walishauriana. Hakuna aliyetaka kumwadhibu. Walisema tu kwamba utaratibu ni utaratibu. Asiye na mtu wa kumtaja angengoja ubatizo mwingine. Na kwa kuwa kanisa lile hubatiza mara moja kwa mwaka, shule zinapofungwa, maana yake ilikuwa Agosti ijayo. Aron alikubali. Alipogeuka kutafuta kikombe chake, Janeffer alikuwa ameiweka birika chini na kuondoka.

Nyumbani alipewa chai ya rangi. Ieleweke kwamba katika nchi hii, chai bila maziwa, katika nyumba yenye ng'ombe watatu, si chai. Ni tamko.

Aron alikitazama kikombe. "Mama Weldon, ng'ombe wamekauka?"

"Maziwa yapo," Janeffer akajibu. "Lakini kama hakuna mtu, nani atakuwa amekamua?"

Aron alicheka, kisha akaona kwamba anacheka peke yake.

"Niliamka kabla ya ng'ombe," Janeffer akasema. "Niliomba ukikoroma. Niliomba hata ile siku uliiga maombi yangu mbele ya wageni wa ndugu yangu, mpaka na mimi nikacheka, halafu nikaenda jikoni nikalia. Leo unawaambia wazee hakuna mtu."

Kwa mara ya kwanza, kwa ushahidi wa wote wawili, Aron hakuwa na la kuchekesha. "Nikisema ni wewe," akasema, "nimempokonya Mungu. Nikinyamaza, nimekukosea wewe. Ubatizo naweza kungoja. Hii ya kwako ndiyo sijui nitaingoja vipi."

Kesho yake chai ilikuwa ya rangi, na kesho kutwa pia.

Sasa, kibuyu kilichotumika bwawani kila mwaka kilikuwa cha Janeffer. Mursik yake inajulikana hadi Kaplong. Siku chache kabla ya ubatizo alikitoa kibuyu kile, akakisafisha, akachoma kijiti cha mti wa senetwet, akakisugua kibuyu ndani kwa mkaa wake, akamimina maziwa yaliyochemshwa na kupoa, akakifunika na kukiweka mahali pake pa giza. Kisha akaenda kuchuma chai.

"Nikiwa pale kwa chai," anasimulia, "nikajiuliza, sasa mimi nimefanya nini kwa ile kibuyu? Nimeosha. Nimepaka mkaa. Nimemimina. Kuganda si mimi. Tangu niolewe sijawahi kugandisha maziwa hata siku moja. Mimi huwa nakuta yameganda. Na watu wanasema mursik ya Janeffer, na mimi naitika!" Alianza kucheka peke yake katikati ya michai, akacheka mpaka jirani aliyekuwa mstari wa pili akamwuliza kama siafu wamemwingia. Jioni hiyo Aron alipewa chai ya maziwa, na kwa busara isiyo ya kawaida yake, hakuuliza.

Siku ya ubatizo ilipambazuka na mawingu. Watu walijipanga kwenye nyasi kuzunguka bwawa; ng'ombe walikuwa wamenyweshwa mapema na kuondolewa, ingawa si vyote walivyoviacha viliondolewa pamoja nao. Syprose alikuwapo na beseni lake la ndizi. Wa kwanza kubatizwa alikuwa msichana aitwaye Moureen. Alimtaja nyanya yake, nyanya akanywa, kwaya ikaimba. Wengine wakafuata vivyo hivyo. Aron alisimama na watazamaji, amevaa koti lake la kijani, akiimba pamoja na wengine kwa sauti ambayo wengi walikuwa hawajawahi kuisikia, kwa sababu ilikuwa yake mwenyewe.

Wa mwisho alipotoka majini, Janeffer hakukirudisha kibuyu mezani. Alikibeba kwa mikono miwili, akapita mbele ya wazee, akaenda kusimama mbele ya mumewe.

Zack akamfuata. "Mama Weldon, huyo hayuko kwenye orodha ya leo. Hana aliyemleta."

"Anaye. Alikuambia ni nani, ukakataa."

"Sasa Mungu ndiye atakunywa mursik?"

"Hapo ndipo nakuuliza, Ndugu Zack. Nyumbani kwenu, mtu akirudi kutoka mbali, kibuyu anapewa nani? Si ni yule amefika? Mkimbiaji akishuka kwenye ndege na medali, mursik tunaenda kumpa kocha?"

Kicheko kikazunguka bwawa. Zack si mtu wa kushindwa upesi. "Mkimbiaji amekimbia mwenyewe," akasema. "Huyu Aron amekimbia?"

"Nilikimbia sana," Aron akajibu, "ila nilikuwa nimeelekea upande ule mwingine."

Wote waliokuwapo wanasema hata Zack alicheka. Zack anasema alikohoa.

"Basi anywe aliyefika," Janeffer akasema. "Aliyemleta hana haja na maziwa yangu, hata ng'ombe ni wake." Kisha akamgeukia Aron, na sauti ikashuka, ingawa bwawa ni dogo na kila mtu alisikia. "Niliomba, Baba Weldon, na nitaendelea kuomba, maana bado uko na mdomo. Lakini kukuleta, si mimi."

Mchungaji Lazarus alikuwa bado amesimama majini, maji yakimfika magotini. "Hata mimi," akasema polepole. "Si mimi."

Kutoka kwenye nyasi Syprose akapiga kelele: "Hapo! Hapo ndipo alikwama siku ile! Mzee Aron, malizia sasa!"

Waliokuwa kituoni asubuhi ile ya Mei walielewa mara moja. Wengine walielezwa baadaye. Aron alivua kofia. Watu wakangoja sauti ya Mchungaji itoke kinywani mwake, kama walivyozoea. Ilitoka sauti yake mwenyewe.

"Yeye ndiye anayekuita," akasema. "Si mimi."

Janeffer akampa kibuyu, akanywa. Kisha kibuyu kikapita kwa Mchungaji, kwa wazee, kwa kwaya, kwa Syprose aliyesema kwamba maziwa hayana Jumamosi wala Jumapili, na kila aliyekipokea alisema "Si mimi" kabla ya kunywa, wengine wakicheka, wengine wakifuta macho, na nyanya ya Moureen akifanya yote mawili. Zack alikuwa wa mwisho kukipokea. Alichungulia ndani, akaona kilichobaki ni kidogo sana, akasema, "Hapa kweli si mimi," akakimaliza. Halafu yeye mwenyewe akamshika Aron mkono na kumtelemsha majini. Aron aliposimama tena, akitiririka maji, alikohoa kwa nguvu, na wapo wanaoapa kwamba alikohoa kama fahali wa jirani. Mwenyewe anasema ni maji yalimwingia puani.

Tangu siku hiyo, katika kanisa lile, kibuyu hupewa yule anayebatizwa, na hakuna anayeulizwa ameletwa na nani. Zack ndiye msimamizi mkali wa utaratibu huo mpya. Kituoni, lori linapochelewa, Aron bado humwiga chifu na karani. Mchungaji hamwigi tena. Ni mara moja tu amevunja mwiko huo: Jumapili moja Mchungaji Lazarus alipokuwa amekaukwa na sauti kwa mafua, alimwomba Aron amsomee matangazo. Aron aliyasoma kwa sauti ya Mchungaji, kuanzia mwanzo hadi mwisho, na nyanya mmoja asiyeona vizuri alikwenda nyumbani akimshukuru Mungu kwamba mafua yamepona.

Limebaki jambo moja. Maneno yale Aron aliyasema kwa miaka mingi, juu ya kreti ile ile, mbele ya watu wale wale, na hayakumfanya lolote. Kwa nini yalimshika asubuhi ile na si nyingine, yeye hajui, Janeffer hajui, na Mchungaji Lazarus, aliyeulizwa zaidi ya mara moja, hajui. Wote watatu husema kwamba anayejua ni mmoja. Hapa, kwa upande wa ushahidi wa watu, linaandikwa kuwa halijulikani.